Usiseme Mimi ni Mzima

Binti wa kaka yangu, muuguzi wetu,

Juzi kwenye simu, nilipojifanya afisa wa viza nikakuuliza unakuja kufanya nini huku, ulijibu bila kusita: "Kumtembelea shangazi, mzima kuliko wewe na tai yako!" Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikaona haya. Nilikuficha: tangu nipate kiharusi, mkono wa kulia umelala. Haya nayaandika kwa wa kushoto. Nilikualika kama mgeni, kumbe natafuta muuguzi.

Afisa akikuuliza, mwambie ukweli, hata akikunyima. Na kama hutaki kumaliza likizo yako ukiniogesha na kunivisha, usiende kabisa kwenye usaili. Baba yako nitamwambia nimeghairi mimi.

Shangazi yako wa ugenini, anayetamani uje