Roho Tisini na Tisa za Mjomba

Mfaranyaki, Songea
Jumapili, baada ya misa

Mama Tumaini, mke wangu,

Kamwene. Nakuandikia nikitumaini kwamba homa ya Tumaini imeshuka, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za shule. Mimi ni mzima. Mvua huku zimekolea, mahindi ya watu yamefika kiunoni, na kazi ya kukagua mizani inaendelea kama unavyoijua. Juzi nilikuwa Namtumbo kwenye mizani za tumbaku. Wiki ijayo nitakuwa sokoni hapa mjini, ambako muuza maharage akiniona tu anakumbuka kwamba ana mgonjwa hospitali na lazima afunge meza. Nakula vizuri. Ugali wa huku ni ugali, usiwe na wasiwasi.

Sasa tuje kwenye shauri lako. Ulisema kwenye simu umesikia kwamba mumeo, mtu mzima mwenye mvi, anaonekana barazani na gemu la watoto mkononi, ameinama, haitikii salamu. Ukataka nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu huwa naishia "aha" na "tutaongea". Haya. Ni kweli nacheza. Nacheza kwa sababu nimetozwa faini, na faini yenyewe ndiyo hiyo.

Mama Ngonyani, mwenye nyumba wangu, nilishakueleza habari zake: mjane, ana duka la vitenge hapa mbele, na marehemu mumewe alikuwa Mngoni wa hapa hapa. Mwaka huu alikuwa anaishi na kaka yake aliyekuja kutibiwa figo. Watoto wa nyumba walimwita Mjomba, nami nikamwita Mjomba, wala sikuuliza jina lingine. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, kutwa amekaa barazani na kale kagemu. Mwezi uliopita akafariki.

Wewe unajua mila zetu. Wahehe na Wangoni, wazee wetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona bora wachekane. Mngoni akifiwa, Mhehe mtani wake haruhusiwi kukaa kimya kama mkwe, lazima atanie. Kwa hiyo siku ya msiba nilivaa koti, nikaingia ndani, nikakuta vitu vya marehemu vimewekwa pembeni ya godoro: shati, redio, na lile gemu. Nikalichukua gemu nikalitia mfukoni. Nikasimama mlangoni, mikono nimeitanua kama mlinzi wa ghala, nikapaza sauti.

"Ninyi Wangoni mlikimbia kutoka kusini mpaka mkafika hapa! Na huyu naye anataka kukimbia tena? Kitu chake nimekamata, na hatoki mpaka mniletee jogoo!"

Nilitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Akina mama waliacha hata kulia. Ndipo shemeji yake Mama Ngonyani, Mzee Ngonyani, akanisogelea taratibu na fimbo yake.

"Wewe Mhehe," akasema, "mtani wako hapa ni nani?"

"Si huyu Mngoni mwenzako, mzee?"

"Huyu ni Ndunguru. Mmatengo wa Mbinga, kaka wa mke wa marehemu ndugu yangu. Mtani wake ni mimi, na hata mimi bado sijafungua mdomo."

Mama Tumaini, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimesoma jina la Ngonyani juu ya mlango wa duka, nikaigawa nyumba nzima kwa Wangoni, na mwanamke wa watu na ndugu zake wote ndani. Mtu wa vipimo! Asiyekuwa mtani akichukua kitu msibani ni mwizi, hakuna jina la kupamba. Niliomba radhi hapo hapo, nikataka kulirudisha lile gemu. Mzee akanizuia, akasema jambo la msibani halimalizwi mlangoni.

Walimsafirisha marehemu Mbinga, wakazika kwenye shamba lake la kahawa. Waliporudi nikaitwa uani. Nilikuwa nimeshanunua jogoo, nimemfunga miguu. Mzee Ngonyani akamtazama jogoo kwa heshima, akasema upande wake hauna neno, lakini mwenye msiba ni shemeji yake, aseme yeye.

"Jogoo wako simtaki, baba," Mama Ngonyani akaniambia. "Nisikilize. Mimi nilimtoa kaka yangu kwake. Alikuwa hataki, anasema kama ni kufa afie kwenye kahawa yake. Nikamlazimisha aje hospitali. Basi tangu afike, ni 'ndiyo' na 'bado', hana neno la tatu. Ndani hataki kukaa na mimi. Kutwa barazani, uso kwenye hicho kidude. Na kafa hivyo hivyo. Sijui kama kaondoka na kinyongo na mimi." Akanigeukia. "Wewe ulikitamani mbele za watu. Kaa nacho. Kicheze, uje uniambie kina nini ambacho mimi dada yake sikuwa nacho."

Hiyo ndiyo faini yangu. Jogoo tulimla wote, lakini hakuhesabiwa.

Basi nikueleze chombo chenyewe kama ninavyoeleza mzani. Ni kizito kama kipande cha sabuni ya mche, rangi ya kijivu, cha zamani, alikipata kwenye mitumba. Kina kitufe cha msalaba cha kuelekeza na vitufe viwili vya duara. Kinakula betri nne ndogo na kinazimaliza upesi. Nyuma kuna kaseti moja tu, ya gemu moja. Kioo chake hakina taa, wala hakina rangi zaidi ya kijani cha maji ya bwawa, kwa hiyo ndani ya nyumba huoni kitu. Lazima ukae penye jua. Hilo tu lingetosha kumwambia Mama Ngonyani kwa nini kaka yake hakukaa ndani, na nilimwambia siku ile ile nilipoligundua. Akasema, "Aha," akaendelea kukunja vitenge.

Katika gemu kuna kijitu kimebeba furushi mgongoni. Kinatoka bondeni kinataka kufika juu ya mlima, na kazi yake yote ni kuruka: kuruka mashimo, kuruka nungunungu, kuruka kutoka ubao mmoja hadi mwingine, mbao zikiwa zinaelea hewani bila kushikiliwa na chochote. Nilianza kwa dharau. Nilikufa kwenye shimo la kwanza, nikafa tena, nikatazama kama kuna mtu ameniona. Lakini nikiri kwamba mruko wake umepimwa. Ukigusa kitufe kidogo, kinaruka kidogo. Ukikandamiza, kinaruka juu. Na kila mara ni vile vile. Sijawahi kukuta mzani wa dukani wenye uaminifu ule. Ukifa unajua kosa ni lako, na ndiyo maana unarudia.

Tena halina maelezo. Halikuambii fanya hivi. Linakuwekea shimo dogo lisilo na hatari, ukishajua kuliruka linakuletea kubwa zaidi. Wewe ni mwalimu, nadhani ungelipenda kwa hilo.

Kasoro zipo. Muziki ni wa mbu waliofundishwa kwaya, nimeuzima. Na gemu limegawanywa katika nchi; ukifika ile ya tatu, ya barafu, mtengenezaji ameanza kuiba. Miguu inateleza yenyewe na mawe yanakudondokea bila dalili. Ingekuwa dukani ningegoma kubandika stika ya ukaguzi. Nimeipita kwa hasira tu. Baada ya hapo kuna mapango, halafu mlima wenyewe, halafu kwisha. Ni gemu zuri lakini fupi, na mwisho wake ni kijitu kuketi juu ya furushi lake. Hakuna zaidi. Mimi niliridhika, ila kijana angelalamika.

Lakini hayo yote niliyacheza kwenye nafasi yangu mwenyewe. Kaseti ina nafasi tatu za kuhifadhi ulipofikia, na ya kwanza ilikuwa ya Mjomba. Niliogopa kuigusa. Nilipomaliza mlima ndipo nikaifungua, nikitegemea kwamba mtu aliyeshinda nalo kutwa miezi yote ile atakuwa amelimaliza mara nyingi.

Hakuwa amefika popote. Alikuwa bado bondeni. Nchi ya pili ilikuwa wazi lakini hajaikanyaga. Ila kwenye pembe ya juu, ambapo huandikwa idadi ya roho ulizo nazo, palikuwa na tisini na tisa.

Roho ni hivi: ukianguka shimoni, inatoka moja, na zikiisha unaanza upya. Mimi niliufikia mlima nikiwa na nne. Ili kupata moja lazima uokote matunda mengi sana. Kule bondeni kuna chumba kimejificha chini ya kisiki, kimejaa matunda. Ukiingia ukayaokota, ukatoka, ukarudi tena, unayakuta yameota upya. Hatari hakuna, na safari hakuna. Nilijaribu mchana mmoja, mkono ukafa ganzi, nikapata roho chache tu. Yeye alikuwa ameijaza hesabu mpaka mwisho, maana chombo hakijui kuandika zaidi ya tisini na tisa. Na kwa jinsi betri zilivyokuwa zinanunuliwa hadi wiki yake ya mwisho, aliendelea hata baada ya hesabu kujaa.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kazi yangu ni kusema mzani unasoma nini, si kusema moyo wa muuzaji. Nikaona nikimwambia Mama Ngonyani nitamwumiza, nisipomwambia nitakuwa nimeiba mara ya pili. Leo baada ya misa nikamfuata uani. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamweleza hivyo hivyo kama nilivyokueleza wewe, bila kuongeza.

Mikono yake ilisimama.

"Rudia hapo," akasema. "Alikuwa anakusanya roho?"

"Ndiyo, mama."

"Haendi popote. Anakusanya tu."

"Ndiyo."

Akaweka ungo chini. "Mimi nilidhani amekasirika kwamba nimemzuia kwenda kufia kwake. Kumbe." Akajifuta uso kwa kitenge. "Anayetaka kwenda kufa hakusanyi roho, baba. Kaka yangu alikuwa anaogopa. Alikuwa anataka kupona, na anaogopa, na mimi nimekaa ndani nanuna kwamba hanisemeshi."

Nikamwambia sina kipimo cha jambo hilo, chombo kinaonyesha hesabu tu. Akaniambia ninyamaze. Kisha akalia kwa sauti, kilio ambacho msibani sikukisikia kwake, na mimi nikakaa pale kwenye kigoda, sina pa kuweka mikono. Nilimwonea huruma, mke wangu. Sikujua naweza kumwonea mtu huruma kiasi kile.

Alipotulia akanyoosha mkono. "Lete. Nionyeshe kinachezwaje."

Nikamwashia nafasi ya Mjomba, nikamwonyesha msalaba na kitufe cha kuruka. Kijitu kikatembea hatua chache kikatumbukia kwenye shimo la kwanza.

"Nimemuua!"

"Hapana, mama. Imetoka moja. Zimebaki tisini na nane."

Akatazama ile namba. Akajaribu tena, akatumbukia tena. Mara ya nne akaanza kumsemesha kwa Kimatengo, mara anagomba, mara anacheka, huku kijitu kinaanguka na kuamka. Sijui alikuwa anasema nini na sikuuliza. Ila shimo lile la kwanza mwishowe alilivuka, na lile la pili, akakutana na nungunungu. Zilipotoka roho kama kumi hivi, betri zikaanza kufifia. Nikamwambia asijali: akizima bila kuhifadhi, zote zitarudi, atazikuta tisini na tisa kama Mjomba alivyoziacha.

Alifikiri. Mimi nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye swichi ya kuzima.

"Hapana," akasema. "Hifadhi. Asirudishiwe. Amehangaika vya kutosha."

Nikabonyeza. Akalifunga gemu kwenye pindo la kitenge chake, akachukua ungo, akaniambia faini yangu imekwisha na niende nikapumzike. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba sichezi tena.

Nisalimie shangazi, yule anayekusaidia na mtoto, mwambie nguo alizoagiza nitazituma na dereva wa basi. Msalimie mdogo wangu Elia na mwalimu mkuu wako. Tumaini mwambie baba anampenda na asiteme dawa. Na Baba yangu, mzee wetu hapo nyumbani, mpe shikamoo. Ulisema kila nikipiga anakataa kushika simu, au akishikishwa anaishika tu bila kusema neno, hata mkaacha kumpa. Jioni nitapiga. Mpe. Asiposema kitu usimnyang'anye, mwache nayo sikioni. Nitakaa kwenye laini.

Wako wa mbali,
Baba Tumaini