Chumba ya Rangi ya Munkoyo

Yaya Elena,

Kama ungali hapa, ungesikia vile jina yangu inatembea mu midomo ya bakubwa. Bantu banasema Katanga iko na raisi, iko na baminisitiri, iko na jeshi. Sawa. Lakini kuta za Katanga ziko na mimi. Ni mimi nilipaka nyumba za bazungu pembeni ya ziwa. Ni mimi nilipaka shimini ya kompanyi mupaka kule juu moshi inaanzia, na moshi ikanisalimia kwa jina. Siku nitaweka burashi chini, inchi hii itabakia matofali tupu. Usicheke. Najua unacheka.

Wakati ulitutoka, bendera ilikuwa ingine. Sasa tuko na yetu: nyekundu, nyeupe, kijani, na misalaba ya shaba juu yake. Tunasikia bunduki kule njia ya uwanja wa ndege, halafu kunanyamaza, halafu bamama banarudi ku soko sawa hakuna kitu ilipita. Pahali yako pale soko ya mutaa wa Kenya, mwanamuke mwingine njo anauzisha munkoyo. Niliionja. Yaya, ile ni maji iliona mahindi kwa mbali.

Lakini habari kubwa ni hii: mutoto wako Anjelina alishika mimba. Bwana yake ni Kabeya, ule karani wa gare ya treni, ule ulimupenda juu alikuwa anakunywa munkoyo yako bila kuacha hata tone. Kabeya ni mutu wa Kasai, ile jimbo jirani. Wakati yako hiyo haikuwa neno. Leo vijana ba kartier, ba mutaa wetu, banapita banapiga makelele: Bakasai barudi kwabo! Kwabo wapi? Alizaliwa hapa, nyuma ya gare, ametahiriwa hapa, ameoa hapa. Bengi ba kwao bamekimbilia ku kambi ya mahema, kule basoda ba mataifa, bale ba kofia ya bluu, banalinda. Naye akaanza kufunga masanduku. Aliniambia, "Mujomba, heri hema kuliko panga." Anjelina analia, tumbo iko mbele yake sawa ngoma.

Weye unajua, kwetu mujomba akisema, imesemwa. Nikasimama. Nikasema: Mutoto wa Elena hatazalia mu hema kama mukimbizi, mu muji wenye mama yake alilisha. Atazalia mu chumba ya mama yake. Na mimi, mupakaji wa shimini, nitaipaka hiyo chumba.

Chumba yako ilikuwa nyeusi, Yaya. Miaka yote ile ya kuchemusha mahindi ku mbabula, moshi ilikuwa imelala ku ukuta sawa blanketi. Nikaenda ku magazini ya Mugiriki kununua rangi. Vita imemaliza bintu. Kulibakia nyekundu, kijani, nyeupe na bluu. Angalia mutego ile! Nikipaka nyekundu na kijani, mutoto atalala ndani ya bendera. Nikipaka bluu, batasema tunaita basoda ba kofia. Nikasimama pale, burashi mu mukono, sawa mupumbavu. Ndiyo nikasikia sauti yako, ile siku Anjelina alizaliwa na mimi nikaleta kitambaa nyekundu ya kumufunika. Ulinipigia makelele mbele ya bantu: "Mutoto anatoka mu giza, na weye unamupiga rangi ku macho? Tafuta kitu ya polepole!"

Ya polepole. Nikanunua nyeupe peke yake. Mugiriki akauliza kama ni ya kaburi. Nikamwambia, bwana, weye uza.

Nikachimba udongo wa kichuguu, ile iko nyuma ya choo. Nikaukausha, nikautwanga mu kinu yako, nikauchunga na kitambaa mupaka ukakuwa laini sawa unga ya mutoto. Rangi ilikuwa tayari mu kichwa yangu: munkoyo yako, siku ya pili, wakati imetulia. Haiko nyeupe, haiko njano, haiko kahawia; inakuangalia bila kukusumbua. Anjelina akapika munkoyo, akaweka kikombe ku dirisha ili nifananishe. Nachanganya, napaka kidogo, nangojea ikauke, naangalia kikombe. Ya kwanza ilikuwa sawa barabara ya Kipushi wakati ya vumbi. Naongeza nyeupe. Ikakuwa sawa uso wa mugonjwa. Naongeza udongo, narudi ku dirisha: kikombe iko tupu!

Kabeya njo aliikunywa. "Mujomba, nilikuwa na kiu."

Mutu anataka kukimbia vita, na anakunywa rangi ya mutoto wake! Anjelina alicheka mupaka akaegemea ukuta, na alama ya mukono yake ikabakia pale mu rangi mubichi. Sijaifuta. Tangu kuhamanika kulianza, hakuna mutu alikuwa amecheka mu nyumba ile. Kabeya akaangalia ile alama ya mukono. Kisha akaenda kufungua sanduku, akatoa shati ya zamani, akashika burashi.

Jirani yetu Mama Bibiana akaja na mikono ku kiuno. "Chumba inapakwa mbele mutoto hajatokea? Munaita kifo!" Unajua vile banaogopa. Hata nepi mutu hashoni mapema. Nikamujibu: Mama, kifo inajua njia ya hapa tayari, ilikuja kuchukua Elena. Mutoto njo hajui njia. Tunamuwekea alama.

Halafu mutoto wake Alfonse akaja na bankoyi bake, bale vijana ba kartier, na kopo ya rangi ya kijani. "Mujomba, paka ku mulango rangi za bendera, tujue nyumba hii iko upande gani. Ama ule Mukasai wako aondoke." Nikasimama ku mulango, nimejaa rangi mupaka ku ndevu. Nikawaambia: muingie, muangalie. Bakaingia. Bakaangalia kuta. Alfonse akauliza, "Hii nayo ni rangi ya upande gani?" Nikasema: Ya munkoyo ya Elena. Nyote munaijua. Weye, Alfonse, wakati mama yako alikosa maziwa, ni nani alikunywesha? Kama uko na nguvu ya kufukuza hiyo rangi, anza.

Hakuanza. Alitoka, na pale inje akageuka juu ya haya: "Shimini ya kompanyi uliipaka na mudomo!" Bakacheka, bakaenda. Kopo yabo ilibakia. Anjelina anapandia kitunguu ndani.

Mutoto alizaliwa, Yaya. Ni mwanamuke. Tulimuita Elena. Wakati balimugeuzia ku ukuta, alifungua macho na hakulia. Bunduki ingali inalia kule mbali, na kesho sijui Alfonse ataamuka na roho gani. Lakini masanduku ya Kabeya iko tupu, na mulango yetu haina rangi ya mutu yeyote. Nakuahidi: ukuta ile ikichafuka, nitaipaka tena, na tena. Mutu akitaka kumutoa mutoto mule, apitie kwanza juu ya mimi.

Lala muzuri, Yaya. Kuna neno moja imebakia, na ni ya weye peke yako.

Kule juu, chini ya mabati, kuzunguka chumba yote, kumebakia musitari mweusi ya moshi yako. Nawaambia bantu ni mode, mutindo mupya wa Bulaya. Kabeya alitaka kupanda amalizie. Nilimukataza na ukali, ningefanya nini? Ukweli ni ngazi. Miguu ilianza kutetemeka sawa mashini ya kushona, nikashuka kinyumenyume, nikakaa ndani ya ndoo. Wakati ya utoto, weye njo ulikuwa unapanda mupera. Mimi nilishikaka tu shina na kupiga makelele. Kule juu kumebakia kwako.

Mudogo wako,
Leonardi