Kofia Uliyonishonea

Dada yangu Mwanaidi, shikamoo. Gari moshi la Mdachi limetufikisha Morogoro salama, na furaha yangu haitoshei kwenye kadi hii. Kiangazi kimekausha mto, na mchangani watu wanacheza bao la kamari kutwa nzima. Nilicheza nikaliwa kofia ya harusi uliyonishonea. Mzee wa Kiluguru aliyenishinda akacheka: "Bwana harusi, kaazime kanga ya mkeo ujifunike."

Zaina wangu akaketi mbele yake. "Panga kete, mjomba. Ukinishinda, chukua na kanzu yake."

Nikaishika kanzu kwa mikono miwili. Zaina akamfunga kabla jasho langu halijakauka.

Nakuandikia nimevaa kofia yako, ila Zaina anasema sasa ni yake, mimi ameniazima tu. Tuombee dua, dada. Nimeoa vizuri mno.

Nduguyo, Salimu