Kizunguzungu Kilichonishika Soko ya Mbuzi

Noonkopir, Kitengela
Jumapili

Mama yangu,

Mulembe sana. Mgongo inaendelea aje? Na ng'ombe amezaa ama bado anaringa? Mimi niko, ugali naimaliza vizuri. Ni kichwa tu imekataa kazi.

Unajua hapa soko ya mbuzi mimi ndio broker wa kelele. Nikitaka watu wasimame, natembea kama mlevi nikishika mkia ya mbuzi, wanacheka, tunauza. Sasa Jumatano dunia ikazunguka kweli kweli. Kila mbuzi nikaiona mbili. Nikaanguka kwa mavi. Mama, walinipigia makofi! Nikasema "Nishikeni," ulimi ikavutika, wakacheka zaidi. Mzee mmoja Mmasai, customer wangu, ndiye aliinama akaninusa mdomo. "Nyamazeni! Huyu hajakunywa kitu. Muinue yeye."

Hospitali ya kwanza wakanipa dawa ya malaria. Ya pili, huko Kajiado, daktari akaniambia niguse kidole yake, halafu pua yangu. Mama, hii pua nimezaliwa nayo, lakini niligusa shavu. Nikamwambia, "Daktari, labda imehama, rent imepanda." Hakucheka. Hapo ndio niliogopa.

Akasema mara mingi kizunguzungu hutoka kwa masikio, lakini yangu anaona ni ya ubongo, hapa nyuma kisogoni, mahali inashikilia mwili isiyumbe. Ndio maana mkono inakosa pua na ulimi inalala. Alhamisi ya wiki ijayo napigwa picha ya kichwa Nairobi. Siku hizi hata nikikaa nashika meza.

Akauliza kama kwetu kuna mtu alikuwa hivi, maana hii ugonjwa inaweza kutoka kwa damu ya mzazi. Nikasema hapana. Nikitoka kwa mlango nikakumbuka marehemu baba, vile alikuwa akitembea akishika ukuta ya kanisa, mpaka wazee wakamkataza Meza ya Bwana juu ya pombe. Na yeye akiapa hajaonja.

Mama, wewe ndio ulikaa na yeye. Alikuwa anakunywa kweli? Usinifiche.

Salimia nyanya yetu kukhu, na mjomba wa kusaga unga kwa posho mill. Nekesa dada yangu, wewe unayemsomea mama hii barua, usiruke hapo juu. Akijibu, pigia mimi kwa ile simu ya duka kabla ya Alhamisi.

Mama, usiku na mchana naomba Mungu iwe kweli baba yangu alikuwa mlevi.

Ni mimi mtoto wako,
Wafula