Wanakuja Kutuuliza Shida Zetu, Sisi Tuko Bondeni Tunawachotea Maji

Bi Faidha, shikamoo. Najua hupendi barua ndefu lakini leo nivumilie, maana gazeti lako huku kwetu juu Newala linanifikia likiwa limeshafungia chumvi dukani, na hata hivyo kona yako naisoma mpaka pale karatasi ilipochanika, na sasa ni zamu yangu mimi kukuomba unitoe mahali nilipokwama, kwa sababu nimeahidi watu wa pande mbili mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja, na siku yenyewe ni Alhamisi ya tatu ya mwezi ujao.

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa upande wa Mkunya, kijiji chenyewe nakuomba ukifiche, na mume wangu Baba Fortunatus ndiye mwenyekiti wa kijiji. Si mtu mbaya, hanipigi, na pombe anakunywa msimu wa mabibo tu kama wanaume wengine wa huku. Shida yangu mimi ni wageni. Tangu waanze huu utaratibu wa kusema mipango itoke chini kwa wananchi, halmashauri inatuma watu kila mwaka waje watuulize tunataka nini, na wanakuja kiangazi, Bi Faidha, kiangazi kabisa, wakati visima vyetu vya kuhifadhia maji ya mvua vimebaki tope, bomba tulilowekewa zamani tunafungia mbuzi, na kila mwanamke anaamka alfajiri kushuka bondeni na kupanda tena mlima ule na ndoo kichwani jua likiwa limeshawaka.

Wageni hao wanafikia kwangu, ndiyo nyumba ya mwenyekiti. Wanashuka kwenye gari wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, wanataka maji ya kunawa, ya kunywa yawe yamechemshwa, ya kuoga kwa wanaolala, na mimi nataka ya kupikia wali na kuku, kwa sababu ugali wa muhogo tunaona aibu kuwawekea watu wa ofisini. Sasa maji yote hayo nani anayachota? Mume wangu anapita nyumba kwa nyumba siku moja kabla kuwaambia kina mama kwamba kesho kila mmoja alete ndoo kwa mwenyekiti. Basi asubuhi tunashuka wote, mkutano unafunguliwa juu, sisi tuko chini tumezunguka kishimo tunasubiri maji yajae, na huko juu wanaume wanapewa kadi za rangi wanaulizwa shida ya kwanza ya kijiji hiki ni ipi.

Mwaka wa kwanza walisema ofisi ya kijiji, ikajengwa, na maji ya kufyatulia matofali tulichota sisi. Mwaka uliofuata wakasema ghala, kwa sababu siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao na korosho hazina pa kukaa, na mimi sikatai, korosho ndiyo inayotuvisha, lakini wanunuzi hao wanapimia barabarani na kuondoka, na ghalani sasa wanalala popo. Mwaka jana wakasema barabara ya kwenda kwenye ghala.

Hiyo ya mwaka jana ndiyo iliyonichoma. Siku ile tulipokuwa tunapanda, Sikuzani mke wa Shamte, jirani yangu, aliteleza kwenye mteremko na ndoo ya wageni kichwani, akaangukia mkono ukavunjika, na wengine ikabidi tumwage maji yetu ili tupate mikono ya kumshika. Nilipofika nyumbani na maji pungufu, Baba Fortunatus akaniuliza wageni wataoga nini. Nikamwambia Sikuzani kaumia, akasema pole yake, akarudi mkutanoni. Nikamfuata na kanga yangu mbichi hivyo hivyo, nikakuta wanafunga, na binti mmoja wa halmashauri, Ethel, mpole kweli, akatuona kina mama tumesimama nyuma, akauliza mbona sisi hatujasema kitu. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akasimama, akasema, "Kina mama wetu wameridhika." Wanaume wakapiga makofi na binti akaandika. Mkono wa Sikuzani mpaka leo haunyooki.

Mwaka huu wameleta habari kwamba wanakuja tena, na tumesikia lipo fungu la kujenga tangi kubwa la kuvunia maji, na litakwenda kwenye kijiji kitakachotaja maji kuwa shida ya kwanza, kisipotaja linapelekwa kwingine. Kule bondeni nikawaambia wenzangu, nilisema mimi kwa mdomo wangu, kwamba safari hii hakuna mwanamke atakayemletea mgeni hata tone, waoge vumbi lao, na wote wakakubali, na Sikuzani akalia. Lakini kijijini hakuna siri. Baba Fortunatus akasikia, akasema nikimwaibisha mbele ya wageni ataondoka nyumbani. Nikamjibu aende salama, maana nyumba hii na shamba hili ni kwetu, yeye alikuja kuoa hapa. Najua sikujibu vizuri, ila nilikuwa nimechoka.

Akaenda kunishtaki kwa mjomba wangu Ambrosi, aliyetulea tangu baba alipofariki, na kwetu Wamakonde mjomba akisema amesema. Mjomba akaniita, akaniambia, "Mgeni aliyenyimwa maji anaiacha laana mlangoni. Wale watu watapewa maji." Na ni kweli, ndivyo nilivyolelewa, hata mtu uliyegombana naye akifika unampa maji kwanza ndipo mgombane. Nikasema haya, mjomba. Sasa wenzangu nimewaambia hakuna maji, mjomba nimemwambia yapo. Nikiwapa, kina mama watasema nimewauza kwa sababu ni mke wa mwenyekiti, na watashuka bondeni kama kawaida na fungu litakwenda kwa majirani. Nikiwanyima, nimemvunjia heshima mzee wangu na labda nyumba yangu pia. Bi Faidha, niwape maji au niwanyime?

Ni mimi Mama Fortunatus, Newala.

BI FAIDHA ANAJIBU

Marahaba, Mama Fortunatus. Kwanza, majina yenu nimeyabadilisha yote, maana umenisihi nifiche kijiji halafu umemtaja mwenyekiti wake na jirani zake mpaka na mjomba. Pili, nimemwomba mhariri aitoe barua hii upesi, ikufikie kabla haijafungia chumvi.

Pole kwa mlima, na pole nyingi kwa Sikuzani. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimekasirika, na usidhani nimemkasirikia mumeo peke yake. Yeye zamu yake inakuja. Nianze na wewe.

Mama, mkutano wa kijiji ni wa kila mtu mzima anayekaa hapo. Si wa mwenyekiti, si wa wanaume, na si wa yule ambaye hana ndoo kichwani. Mwaka wa kwanza uliukosa kwa kutojua, mwaka wa pili uliukosa kwa heshima, lakini mwaka wa tatu uliujua vizuri na bado ukashuka bondeni, kisha ukapanda ukiwa umekasirika ukasimama nyuma. Mtu akisema umeridhika na wewe upo hapo umesimama, unasema hapana, sijaridhika. Ni maneno mafupi hayo. Binti aliuliza, kalamu ilikuwa mkononi mwake, naye si mchawi wa kuona yaliyo moyoni mwako.

Halafu hilo la wali na kuku. Hivi unajua mnachokifanya? Watu wametumwa kuja kutazama shida zenu, ninyi mnawawekea maji ya moto bafuni, maji ya baridi kwenye jagi, wali mweupe mezani, mtu anaoga anajimwagia mpaka anaimba, kisha unashangaa hakuandika kwamba kijiji hiki hakina maji. Angejuaje? Wazee walishasema mficha uchi hazai, na ninyi uchi wenu mmeuvalisha suti. Mwaka huu pika ugali wa muhogo na kisamvu, chakula mnachokula wenyewe. Aibu unayoiona ni ya bure, na huyo Ethel huenda kwao analala kwa ugali huo huo.

Sasa Baba Fortunatus. Baba, kama hii umeisoma wewe kabla ya mkeo, vizuri, endelea. Ulichaguliwa kuongoza mkutano, hukuchaguliwa kuridhika kwa niaba ya watu. Umejenga ofisi, umejenga ghala la popo, na sasa unatafutia popo barabara. Jirani yako amevunjika mkono akikubebea heshima yako, wewe ukauliza habari ya kuoga. Mimi nisingependa kuwa mwenyekiti wa namna hiyo, na nina hakika wewe pia hupendi, ila hakuna aliyekwambia. Na hayo ya kutishia kuondoka kwenye nyumba ya watu yaache kabisa, mwanaume mzima anabaki akichekwa.

Turudi kwenye swali lako. Unaniuliza uwape au uwanyime, nami nakwambia kuwanyima ni kosa. Mjomba wako amesema kweli, na zaidi ya laana kuna akili ya kawaida tu: mgeni mliyemnyima maji hasikilizi mtu. Atakachokikumbuka akirudi ofisini ni kwamba kina mama wa kijiji fulani hawana ushirikiano, na hilo ndilo atakaloliandika. Wewe na wenzako mliongea kwa uchungu na uchungu wenu nauelewa, lakini mngeishia kuwapiga wasiohusika.

Lakini pia usiwasaliti wenzako, maana bila wao huna mkutano. Na hapa, mama, ndipo nilipocheka, kwa sababu umekonda bure. Soma tena barua yako mwenyewe. Wewe na kina mama mmekubaliana nini? Kwamba mwanamke hatachota maji ya wageni. Mjomba amesema nini? Kwamba wageni watapewa maji. Yuko wapi kati yenu aliyesema kwamba mwanamume hawezi kushuka bondeni? Hizo ahadi zako mbili hazigombani hata kidogo. Mmezoea tu kwamba neno maji likitajwa, mwanamke anasimama.

Basi fanya hivi. Nenda kwa mjomba Ambrosi wiki hii, wala usiende peke yako, nenda na mumeo. Piga magoti kama ulivyofundishwa, umwambie mzee kwamba umelitii neno lake na maji ya wageni yatakuwepo, ila mwaka huu yatafuatwa na mwenye wageni. Mume wako mbele ya mjomba wa mkewe hataleta ubishi, na mzee akiwa ni mtu mwenye haki kama unavyomweleza, hatakuwa na la kukukatalia.

Kina mama waambie wachote ya kwao siku iliyotangulia, kidogo cha kupikia watoto, na Alhamisi asubuhi asishuke mtu. Mkakae mkutanoni mapema, mbele, si kule nyuma. Wewe usiwe msemaji wa kwanza, wewe ni mke wa mwenyekiti na watasema ni ugomvi wa chumbani. Asimame Sikuzani aonyeshe mkono wake na aseme ulivunjikia wapi na kwa ndoo ya nani. Akimaliza aketi, wafuate wengine, kila mmoja aseme jambo lile lile kwa maneno yake: maji ndiyo shida ya kwanza. Msichanganye na zahanati, msichanganye na shule, hayo ni ya kweli lakini fungu ni moja. Na kabla wageni hawajaondoka, waombe wawasomee kwa sauti walichokiandika.

Na Baba Fortunatus apewe ndoo yake alfajiri. Kama baiskeli anayo, ataiacha juu ya mlima kama ninyi mnavyoacha kandambili, ashuke kwa miguu. Akae kwenye kishimo asubiri maji yajae, apande taratibu, ule utelezi anausikia tu. Msimtangulizie mtu wa kumpokea, na wageni wakiulizia maji waambieni mwenyekiti mwenyewe ameyafuata. Mkutano mnaweza kuufungua bila yeye, mbona bila ninyi umefunguliwa miaka yote.

Akifika akiwa ameloa mpaka kiunoni na akakuta wageni wanafunga, mtue ndoo kwa heshima, mpe kiti, na kikombe cha kwanza cha maji hayo mpe yeye anywe. Kisha binti akiuliza kama mwenyekiti ana neno la kuongeza, simama wewe umjibu, bila hasira, kwamba hana. Baba yetu ameridhika.