Chiriku wa Mkorosho wa Mama

Jumapili, Kibuta. Asubuhi kulikuwa na mawingu, sasa jua limetoka.

Nimempata!

Ngoja nianze vizuri. Mwezi uliopita mama, ambaye masikio yake yamepungua sana, aliniuliza kama yule chiriku wa kwenye mkorosho wake amehama, maana siku hizi hamsikii. Nikamwambia yupo, anaimba kila asubuhi. Hakuniamini. Aliona namfariji tu.

Kazi yangu ni picha za harusi na mahafali pale Tumbi, kwa hiyo nikasema hili ni dogo. Nikampiga picha chiriku mmoja kwenye waya wa umeme karibu na chumba changu, nikaja na picha Kibuta najisifu. Mama akaitazama weee, kisha akasema, "Huyu si wetu. Na mbona amenyamaza?"

Mdomo ulikuwa umefungwa. Picha safi, kila unyoya unaonekana, na ndege bubu. Niliona aibu, nakiri.

Ndiyo maana leo saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya rundo la miti ya mihogo, kamera nimeielekeza kwenye kitawi kikavu cha mkorosho. Bibi harusi unamwambia geuka, anageuka. Chiriku hana habari na wewe. Alikuja, akanipa mgongo, akaruka. Akarudi. Akavimbisha koo, nikaweka kidole kwenye kitufe.

"UMESHAMPATA?"

Mama, mlangoni. Tangu masikio yapungue hajui sauti yake imepanda kiasi gani; nadhani hata majirani walitaka kujibu. Chiriku akatoweka. Nilikasirika, sifichi. Nilipogeuka nikamwona amejiziba mdomo kwa mkono, macho yananiomba radhi kana kwamba mimi ndiye mzazi. Hasira ikaisha palepale. Nikampungia aje akae nami.

Tulisubiri hadi miguu ikafa ganzi. Kisha yule bwana mdogo wa njano akarudi kwenye tawi lake, akainua kichwa, akaanza kuimba. Kwa macho ya mama alikuwa doa tu. Mimi nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza.

Mdomo wazi hadi ulimi unaonekana!

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaisogeza karibu na uso. "Kumbe yupo," akasema, safari hii polepole. "Kumbe ni masikio yangu."

Nikajishughulisha na kifuniko cha lenzi. Mimi, niliyeitwa chiriku utotoni kwa kuropoka.

Halafu mama akakunja midomo, akapiga mluzi. Wimbo mzima, pamoja na kile kipande cha mwisho kinachopanda ghafla. Hakukosea hata kidogo.

"Bado anaimba hivyo?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jioni narudi Tumbi. Picha nitaisafisha kubwa, aiweke pale dirishani mbele ya kitanda chake. Akiamka, amkute anaimba.