Trekta Limelima kwa Ndaki

Dodoma, 18 Novemba 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, wajukuu wanakusalimu sana. Miguu inaendeleaje?

Mama, tulikubaliana: shamba lisipolimwa kabla ya Krismasi, unafunga mizigo unakuja kukaa kwetu. Jembe la mkono huliwezi tena, usibishe. Lakini najua unavyoipenda Lumemo, ndiyo maana nimemwomba binamu Hilary alete trekta lake akulimie. Nimemwelekeza vizuri: shamba lenye dungu la kufukuzia ndege, pale kwenye mkuyu. Wewe andaa mbegu tu.

Mwanao,
Dativa

Lumemo, 9 Desemba 1996

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Miguu inauma, ila kanisani inanifikisha.

Trekta limekuja, tena limelima vizuri mno. Limelima kwa Ndaki! Lo, mwanangu! Mto ulipokula ukingo nilihamishia dungu kule juu kwenye migomba. Ndaki, yule Msukuma mwenye ng'ombe, akajenga lake mkuyuni, kwenye shamba lake linalopakana na langu. Ungekuwa unakuja ungejua. Mimi nilikuwa kwenye sala za jumuiya. Dereva kaona mkuyu, kaona dungu, kalima mpaka kamaliza, huyoo kaenda zake Chita.

Na huyo Ndaki hatusalimiani tangu ng'ombe wake walipokula mpunga wangu. Nimpelekee maneno gani? Nimelia, halafu nimecheka mwenyewe kama kichaa. Babu yako alishuka kutoka Mahenge kwa miguu akafyeka matete pale kwetu, na mimi nipaache kwa ajili ya trekta? Inaniuma.

Mama yako,
Domitila

Dodoma, 19 Desemba 1996

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, kosa ni langu. Hilary anasema trekta haliwezi kurudi mwezi huu. Basi, ahadi ni ahadi. Katikati ya Januari nakuja kukuchukua. Funga vyombo, kuku wagawie majirani.

Mwanao,
Dativa

Lumemo, 6 Januari 1997

Mwanangu,

Marahaba. Usije kunichukua.

Siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi nilisikia miluzi shambani. Kutoka, namkuta Ndaki na wanawe, ng'ombe wamefungwa plau, wanalima kwangu. Sikumwita mtu; kumbe habari za trekta alizisikia kwa majirani. Akavua kofia: "Shikamoo mama. Mwanao kanilimia, nami nitalalaje lako likiwa na majani?"

Nikamwambia, "Marahaba. Ila hao ng'ombe wakinikanyagia migomba, tutaanza upya." Akacheka mpaka akashika kiuno. Tumeanza kusalimiana hivyo.

Walimaliza jioni ya mkesha. Wale kuku wa kugawa, jogoo nimewachinjia wao. Mpunga nimeshasia, mvua imenyesha, umeota. Vyombo nimefungua, sufuria ziko mahali pake, na mimi nipo mahali pangu.

Mwezi wa sita njoo uvune, uje na wanao. Ila ukifika mkuyuni usijifanye unajua njia. Ulizia mke wa Ndaki, anaitwa Mwanasha. Atakuonyesha kwenu.

Mama yako,
Domitila